Miiko tuliyofunzwa utotoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha darasa la awali Tanga. Maswali haya huletwa na wazazi wanaokuja kuchukua watoto mchana, na walimu wenzangu, na watu wazima wenye kazi zao na vyeti vyao ambao huanza kwa kusema, "Usinicheke, mwalimu." Sicheki. Nimelelewa na bibi aliyekuwa na mwiko wa kila jambo, na mingine naishika mpaka leo. Yale yanayorudiwa sana nimeyapanga hapa. Jibu likigusa swali jingine, nimetaja namba yake.

## Mambo ya msingi

1. Mwiko ni nini hasa? Ni sawa na ushirikina?

Mwiko ni katazo ambalo adhabu yake haitoki kwa mtu wala haionekani ikija. Mama akikuambia "usiguse sufuria, utaungua", hilo ni onyo, na moto unauona. Akikuambia "usile ukoko kwenye sufuria, siku ya harusi yako itanyesha mvua", huo ni mwiko. Mtoto hawezi kuuhakikisha wala kuukanusha; harusi yenyewe iko miaka ishirini mbele.

Ushirikina ni jambo jingine. Asili ya neno ni shirki, kumshirikisha Mungu na kitu, na katika maongezi ya kila siku limekuja kumaanisha kwenda kupigiwa ramli, kumsaka mchawi, kutafuta kinga ya biashara. Mtoto anayeogopa kupiga mluzi usiku si mshirikina. Lakini kijinjia cha kutoka huku kwenda kule kipo, na wengi hukipita bila kujua. Ndiyo maana maswali ya 14 hadi 17 nimeyajibu kwa urefu.

2. Kwa nini miiko mingi ni ya usiku?

Kwa sababu usiku wa zamani ulikuwa giza kweli. Nyumba ilikuwa na koroboi moja, nayo ikihamishwa kutoka jikoni kwenda chumbani, jikoni kunabaki kiza. Ukifagia saa hiyo, unafagia na senti iliyoanguka, na hereni, na sindano. "Unafukuza riziki" ni maneno ya kweli kwa nyumba ambayo riziki yake ni sarafu mbili sakafuni. Kukata kucha usiku kulifanywa kwa wembe, na wembe gizani haujui kucha na nyama. Kula gizani, tukaambiwa, ni kula na shetani. Mwenye kula dagaa na mchanga gizani anaelewa kwa nini mtu alilitunga katazo hilo.

Mluzi tuliambiwa huita nyoka. Nyoka hana masikio ya nje na mluzi mwembamba si sauti anayoisikia vizuri, kwa hiyo haji. Ila mluzi wa usiku ni ishara ambayo wezi huitana kwayo, na kijiji kilichozoea kimya hushtuka. Mwiko ulilinda usingizi wa watu.

3. Kwa nini chumvi na sindano haziombwi usiku?

Hili huulizwa hasa na vijana waliokulia mijini ambao mwenye duka kawajibu "hakuna" huku pakiti ya sindano inaning'inia nyuma yake.

Nikiwa na miaka saba nilitumwa chumvi saa mbili usiku. Bibi alinishika bega mlangoni akanirudisha ndani. "Utasema nini ukifika?" Nikasema, "Shikamoo, naomba chumvi." Akatikisa kichwa. "Sema: nimetumwa ya kutilia mchuzi." Nikaenda nikikariri njia nzima. Mwenye duka, mzee wa Kipemba, hakuuliza maana. Alichota, akafunga kwenye kipande cha gazeti, akanipa, naye hakuitaja. Watu wazima wawili walikuwa wanatunza siri moja na mimi nimeingizwa ndani yake. Nilirudi nyumbani najiona mkubwa.

Sababu ya sindano ni rahisi: ikianguka gizani itaokotwa kwa unyayo. Ya chumvi watu husema ni kwamba hutumika katika uganga, hivyo anayeiomba usiku hutiliwa shaka. Desturi ya kubadili jina ni pana kuliko chumvi. Nyoka naye usiku hakutajwa, alikuwa "kamba" au "ugwe", ili asisikie akaja.

4. Kwa nini tulikatazwa kushika tama na kuweka mikono kichwani?

Kwangu huu ndio mwiko wenye maana nzito kuliko yote, na wengi huupita haraka. Mtoto akikaa ameegemeza shavu kiganjani, mkubwa yeyote aliye karibu humtoa mkono: "Unamwitia nani msiba?" Akiweka mikono miwili utosini ni makelele zaidi: "Unataka mama yako afe?"

Tazama matanga. Mwanamke aliyefiwa hukaa chini ameshika tama. Habari ikiingia, mikono hupanda kichwani kabla sauti haijatoka. Hizi ni ishara za msiba, na mahali ambapo mwili una lugha yake, kuutumia mwili hivyo bure ni kama kutangaza kifo ambacho hakijatokea. Mama anayeondoa mkono wa mtoto shavuni hafanyi hesabu ya uchawi. Ameona umbo la siku aliyomzika mtu wake. Wengi wetu tulidhani wanatufokea sisi.

Kutembea kinyumenyume, kwamba unamchimbia mama kaburi, ni wa ukoo huohuo, ingawa hapo nadhani kujigonga kisogo kulichangia.

5. Bado nang'ata kidole nikikinyooshea kaburi. Ni mimi peke yangu?

Hapana. Tuliambiwa kidole kinachonyooshewa kaburi kitaoza, na dawa yake ni kuking'ata papo hapo. Kuna wanaume wenye mvi hapa mjini wanaopita makaburini wameiweka mikono mifukoni.

Kidole kilikatazwa pia kwa boga changa: likinyooshewa, litaoza bila kukomaa. Mwiko huu uko mahali pengi Tanzania na Kenya, na mkulima anajua faida yake. Boga changa likiguswaguswa na watoto hudondoka. Huwezi kukaa shambani kutwa kuwalinda, lakini unaweza kuwafundisha kuonyesha kwa ngumi. Kuhusu kaburi, ni heshima tu: hatuwanyooshei vidole wakubwa walio hai, sembuse waliolala. Suala la kidole linarudi kwenye swali la 16, na huko halina upole.

6. Nimemruka mtoto aliyelala. Kweli hatakua?

Atakua. Kama bibi yake yupo na amekuona, mruke kinyume "kumfungua", yaishe. Katazo lilikuwa la nyumba ambamo watu sita wanalala kwenye mkeka mmoja, na anayeruka gizani siku moja atakanyaga tumbo.

7. Na mbegu ya chungwa niliyomeza?

Imeshatoka.

## Wanyama

8. Bundi akilia juu ya paa, kuna mtu atakufa?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na kila anayeuliza ana mfano: "Alilia Jumatatu, Alhamisi babu akafariki." Simwambii mtu kwamba kumbukumbu yake ni ya uongo. Namuuliza: alilia mara ngapi mwaka ule ambapo hakufa mtu? Hapo hukaa kimya, kwa sababu bundi wa usiku wa kawaida hana wa kumkumbuka. Zaidi ya hapo, nyumba yenye mgonjwa haizimi taa. Watu wako macho saa nane za usiku, na anayekesha ndiye anayemsikia bundi. Majirani wamelala, naye kalia hata juu ya paa lao.

Anachofuata ni panya. Bundi mweupe wa kwenye mapaa na magofu ni mwindaji wa panya hasa, na mahali anapokaa utakuta vidonge vya kijivu vya manyoya na mifupa midogo anavyotapika. Nilivipasua vitatu na watoto wangu wa darasa kwa vijiti vya mti. Tulipata mafuvu manne ya panya, meno ya mbele bado yana rangi ya chungwa. Mtoto mmoja aliyekuwa amesimama mbali mlangoni akasogea, akasogea, mwishowe akaomba achukue fuvu moja akamwonyeshe nyanya yake.

Kwa wanaopenda kujua, Pemba ina bundi wake mdogo ambaye hapatikani popote pengine duniani. Kumpiga mawe ni hasara isiyolipika. Kama amelia kwako usiku wa leo, nenda swali la 20.

9. Kwa nini mjusi kafiri anauawa, na kinyonga anaogopwa?

Jina la mjusi huyu limebeba hadithi yake: katika masimulizi ya Kiislamu, Nabii Ibrahimu alipotupwa motoni, yeye alipuliza moto uzidi. Waislamu wenye elimu watakuonyesha mapokezi yake na mimi siingii katika hilo. Nasema tu ninachokiona ukutani: anakula mbu na wadudu wanaozunguka taa.

Kinyonga hana sumu. Tuliambiwa akikung'ata haachii, na macho yake mawili yanayotazama pande mbili yalitosha kutufanya tuamini. Milima ya Usambara, hapa juu yetu, ina aina kadhaa za vinyonga, nyingine za huko tu. Watoto wa Lushoto huwakuta vichakani wakiwa wametulia, na wengi bado huwapiga fimbo kwa hofu waliyorithi.

10. Mvua na jua pamoja, simba anazaa?

Kwetu simba, Kenya wengi husema ni fisi. Hauna adhabu wala katazo, ni furaha tu. Waachieni watoto.

## Kwa nini haiondoki kichwani

11. Nimesoma hadi chuo kikuu. Mbona mkono wangu bado unasita?

Kwa sababu mwiko hukuufunzwa kwa maneno. Uliufunzwa kwa kofi la mkononi, kwa sauti iliyopanda ghafla, kwa uso wa mtu unayempenda kuliko wote ukibadilika. Udongo uwahi ungali maji, nao uliwahiwa. Shule ilikuja miaka mingi baadaye, ikafundisha kichwa tu.

Nina umeme, sakafu ya vigae na taa mbili sebuleni. Jioni moja mwaka huu makombo ya mkate yalimwagika baada ya magharibi, nikashika ufagio, nikafagia mpaka mlangoni, na pale kizingitini mkono ukasimama. Hapana aliyekuwa ananitazama. Nilikusanya makombo nyuma ya mlango, kama bibi alivyofanya, nikayatoa asubuhi. Sikuogopa umaskini. Nilihisi tu kwamba kutupa nje kungekuwa kumkatiza mtu maneno.

Ndiyo maana siwaambii watu "acha, ni ujinga". Kwa wengi wetu, miiko ndiyo sehemu ya sauti ya bibi iliyobaki mwilini.

12. Lakini kwangu inatimia! Kiganja kikiwasha napata pesa.

Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alichapisha jaribio la njiwa. Aliwaweka kwenye kizimba na chakula kikawa kinaletwa kila baada ya muda maalumu, wafanye wasifanye lolote. Baada ya muda mmoja akawa anazunguka, mwingine anatupa kichwa juu, kila mmoja akirudia kile alichokuwa anafanya chakula kilipotokea. Kwa njiwa yule, mzunguko ndio ulioleta punje. Kiganja chako nacho kinawasha mara nyingi. Mshahara ukiingia unakumbuka, usipoingia unajikuna na kusahau.

Mwingine aliyeligusa vizuri ni Bronisław Malinowski, mtafiti wa mila za watu, aliyeishi visiwa vya Trobriand, karibu na Papua New Guinea, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Aliona kwamba wavuvi wa ndani ya ziwa la bahari, mahali salama, hawakuwa na uganga wowote, ila wanaotoka bahari kuu walikuwa na taratibu nyingi. Mvuvi wa kwetu hahitaji kuambiwa hili. Miiko huota pale ambapo ujuzi wa mtu umefika mwisho na hatari bado ipo: baharini, uzazi, ugonjwa wa mtoto, mtihani wa mwisho. Kiganja hakina madhara. Ugonjwa wa mtoto unayo, soma swali la 15.

13. Dini inasemaje?

Kwa Waislamu, Mtume (s.a.w.) alikataza tiyara, yaani kuamini nuksi za ndege na mfano wake. Papo hapo alifundisha watoto waingizwe ndani usiku unapoingia na vyombo vifunikwe. Kwa hiyo "ingieni ndani, magharibi hiyo" si mwiko wa bibi tu, una asili ya hadithi, na mzazi asiufute pamoja na habari za ukoko. Kwa Wakristo, Kumbukumbu la Torati 18:10 linakataza ramli na uaguzi waziwazi. Ugumu ni kwamba nyumba nyingi zetu zimechanganya, na mtoto hajui lipi limetoka msahafuni na lipi limetoka jikoni. Akiuliza, mtenganishie.

## Pale inapoumiza

14. Nimtishe mtoto na zimwi au mumiani ili atulie?

Zimwi la ngano, lenye mwanzo na mwisho na wimbo katikati, ni chakula cha mtoto. Zimwi linaloitwa mlangoni ili anyamaze ni jambo jingine.

Mumiani ana historia yake. Neno limetoka Uajemi, jina la dawa nyeusi kama lami. Enzi za ukoloni uvumi ulienea Afrika Mashariki kwamba kuna watu wanaokamata watu na kunyonya damu yao; Nairobi na Kampala waliitwa wazimamoto, gari jekundu likawa la kuogopwa. Kwa watu waliokuwa wanachukuliwa ardhi, kodi na nguvu kazi, hofu hiyo ilikuwa na mantiki yake. Leo tunamwambia mtoto "mumiani atakuchoma sindano", kisha tunashangaa analia zahanati siku ya chanjo.

Hofu ya pamoja ikikosa breki huishia vibaya. Mwaka 1995 habari za Popobawa, jini lililosemwa huwavamia watu usiku wakiwa wamelala, zilianzia Pemba, zikafika Unguja na Dar es Salaam. Watu walilala nje kwa makundi wakiwasha moto. Unguja, mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili alidhaniwa ndiye, akauawa na kundi la watu. Walioua walikuwa watoto waliokua na hofu hiyo.

15. Ni kweli mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa?

Si kweli. Kama mtoto wako anatetemeka sasa hivi, acha kusoma, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, ondoka naye kwenda kituo cha afya kilicho karibu.

Degedege limepewa jina la ndege, kwa kuwa wazee waliamini ndege au pepo amempitia mtoto. Tiba ikawa ya mganga: moshi wa kinyesi cha tembo, mizizi, kuogeshwa dawa. Na juu yake likakaa katazo: asichomwe sindano kabla hajatolewa pepo.

Ona jinsi katazo hilo linavyojithibitisha. Homa kali, mara nyingi ya malaria, inafika kichwani. Mtoto anatetemeka. Familia inakwenda kwa mganga siku ya kwanza na ya pili. Ya tatu anafikishwa hospitali akiwa hoi, anachomwa sindano, anafariki baada ya saa mbili. Jirani anayesimulia anasema, "Alikuwa hai, wakamchoma, akafa." Kila neno ni kweli, na hitimisho ni uongo. Siku mbili ndizo zilizomuua. Mtoto wa pili wa mtaa huo naye atacheleweshwa kwa sababu ya wa kwanza.

Nimezika mwanafunzi wa miaka mitano kwa namna hii. Mama yake hakuwa mjinga wala hakumpenda mtoto kidogo. Alikuwa ametii alichofunzwa na mama yake.

16. Niliambiwa zeruzeru hafi, anatoweka. Kuna ubaya gani kuliamini?

Ubaya wake umehesabiwa kwa makaburi. Tulifunzwa pia kujitemea mate kifuani tukikutana naye, yasije yakatupata. Mtoto anayetema mate amefunzwa kwamba yule si mtu kamili. Akikua na kuambiwa na mganga kwamba kiungo cha mtu yule kinaleta utajiri wa dhahabu au samaki, nusu ya kazi imeshafanywa na sisi. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo, hasa Kanda ya Ziwa, na wengi wao walikuwa watoto. Januari 2015 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku waganga wapiga ramli.

Wanakufa kama sisi, na wengi hufa mapema kwa saratani ya ngozi. Ualbino ni hali ya kurithi kutoka kwa wazazi wote wawili, ngozi na macho hayana rangi ya kuyakinga na jua. Katika Hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa mafuta ya kuzuia jua yaitwayo Kilisun kwa ajili yao. Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, aliteuliwa mbunge mwaka 2008, na mwaka 2010 Salum Barwani, naye mwenye ualbino, akachaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini kwa kura zao.

Tangu hapo kipimo changu cha mwiko ni kimoja. Nauliza: huu unamnyooshea nani kidole? Ukininyooshea mimi mwenyewe, ufagio wangu na mluzi wangu, naweza kuishi nao. Ukimnyooshea mtu mwingine, sina mazungumzo nao.

17. Na bibi mwenye macho mekundu?

Ni kidole kilekile. Usukumani vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na macho mekundu yakatajwa kuwa ushahidi. Mtu aliyepika miaka hamsini kwa kuni na samadi kavu ya ng'ombe ndani ya jiko lisilo na dirisha atakuwa na macho gani? Kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Uchawi, iliyotungwa Tanganyika mwaka 1928. Kenya ina yake ya 1925. Kigego, mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu, yumo katika kundi hili. Meno ni meno.

Mtoto akirudi nyumbani anasema fulani ni mchawi, hapo ndipo pa kukaa naye chini. Usisubiri akue.

18. Mjamzito asile mayai, mtoto atakosa nywele?

Ale. Yai ni chakula bora na cha bei nafuu kwake. Vivyo hivyo mtoto anayekonda na kuvimba miguu hajabemendwa, yaani hajadhuriwa na wazazi kukutana kimwili akiwa bado ananyonya. Ana utapiamlo, na akipelekwa kliniki mapema anatibika. Neno kubemenda limewavunjia heshima akina mama wengi waliohitaji msaada.

## Nyumbani leo

19. Mama mkwe amemfunga mtoto mvuje na kumpaka wanja kuzuia kijicho. Nigombane naye?

Usigombane. Angalia kitu chenyewe. Uzi usiwe shingoni wakati amelala, unaweza kumkaba. Wanja usiingie jichoni. Aina nyingine zina risasi, nayo ni sumu kwa mtoto. Ukipakwa, uwe kidogo kwenye paji. Mvuje unanuka, lakini ukifungwa nje ya nguo hauna neno.

Maneno ya kumwambia: "Mama, ahsante kwa kumlinda mjukuu wako. Huu uzi naogopa usiku, tuuweke kwenye mto?" Nimeona mama wakwe wengi wakikubali. Wanalotaka ni kujua kwamba mtoto ana mtu wa kumwangalia. Jambo moja msilegeze: akiumwa, kituo cha afya kwanza. Hapo mume ndiye anayepaswa kuzungumza na mama yake, si wewe.

20. Bundi amelia juu ya nyumba yangu usiku huu. Nifanye nini sasa hivi?

Usitupe chumvi motoni, usirushe jiwe. Kama kuna mgonjwa ndani, nenda umtazame: joto lake, kupumua kwake, kama anakunywa maji. Hilo lilipaswa kufanywa hata bila bundi, na hofu imekuamsha, itumie. Kama baba au mama yako yuko mbali na moyo hautulii, mpigie asubuhi, si saa nane za usiku ukamshtua.

Kisha funika unga. Sogeza gunia la mahindi mbali na ukuta, umulike nyuma yake kwa tochi ya simu. Ukikuta mavi ya panya, umejua alikujia nini. Lala. Akirudi kesho, mwache awinde.